"Mfumo Umekataa": Haki ya Mwananchi Mbele ya Uamuzi wa Kompyuta

Mada iliyotolewa katika semina ya elimu kwa watumiaji wa huduma



Mada tuliyopewa leo inahusu algoriti katika maamuzi ya serikali. Neno hilo ni geni masikioni mwa wengi, lakini jambo lenyewe si geni. Kila mmoja wetu aliyewahi kusimama dirishani akaambiwa "mfumo umekataa" amekwisha kukutana nalo.

Tuanze na kisa kilichofika kwenye meza yetu ya malalamiko. Bibi mmoja alikuwa ameomba huduma katika ofisi ya umma ambayo hatutaitaja. Alikwenda mara tatu, kila mara akitumia nauli ya kwenda na kurudi, na kila mara akajibiwa hivyo hivyo: "Mama, mfumo umekataa." Alipouliza kwa nini, karani alimgeuzia kioo cha kompyuta aone maandishi mekundu. Bibi huyo hakujua kusoma, na hata angejua, maandishi yale hayakueleza sababu yoyote.

Tulipofuatilia, sababu ilionekana kuwa ndogo mno. Katika daftari moja mwaka wake wa kuzaliwa ulikuwa 1958. Katika daftari la pili tarakimu mbili zilikuwa zimepishana, ukaandikwa 1985. Kompyuta ililinganisha madaftari hayo, ikaona watu wawili tofauti, ikalifunga ombi. Karani aliyekaa mbele yake alikuwa na macho: aliona mvi, aliona mkongojo. Mfumo haukuona chochote. Hata hivyo, kauli ya mwisho ilikuwa ya mfumo, na karani mwenye macho hakuwa na mamlaka ya kuyatumia.

Kisa hiki ndicho kiini cha mazungumzo yetu. Kompyuta kukosea si ajabu, kwa maana wanadamu nao hukosea. Ajabu ni kwamba kosa lilikuwapo, kila mtu aliliona, na hapakuwa na mtu wa kulirekebisha.

Algoriti ni nini?

Algoriti ni mpangilio wa hatua za kufuata ili kupata jibu. Mpishi wa pilau anao mpangilio wake: kwanza vitunguu, kisha viungo, kisha mchele. Ofisi nayo ina mpangilio wake: ikiwa mwombaji ana umri huu, na kipato hiki, na watoto kadhaa, basi apewe, la sivyo, asipewe. Mpangilio huo ukiwekwa ndani ya kompyuta, unaweza kuamua maombi elfu kumi kabla ya karani kumaliza chai yake.

Sisi Watanzania tuna neno linalotusaidia kuelewa zaidi, nalo ni kikokotoo. Mwaka 2018 wafanyakazi walipoelezwa kwamba kwa kikokotoo kipya malipo yao ya mkupuo wakati wa kustaafu yangekuwa asilimia 25, nchi nzima ililijadili jambo hilo. Walimu walikaa na kalamu na karatasi wakapiga hesabu zao wenyewe. Vyama vya wafanyakazi vilipinga. Mwezi Desemba mwaka huohuo Rais John Magufuli alisitisha matumizi yake, na mjadala ukaendelea kwa miaka iliyofuata.

Hatuko hapa kuamua kikokotoo kipi kilikuwa bora. Tunachotaka mkione ni hiki: wananchi waliweza kubishana nacho kwa sababu walikijua. Asilimia ilikuwa wazi, hesabu ilikuwa wazi, na aliyeitunga alijulikana. Algoriti iliyo ndani ya kompyuta ni ndugu wa kikokotoo, ila mara nyingi imefungiwa chumbani. Mwananchi huliona jibu bila kuiona hesabu, na mtu hawezi kubishana na hesabu asiyoiona.

Faida zake tusizifiche

Ndugu wananchi, hatukuja kuwatisha. Kompyuta haiombi chai. Haimpendelei mjomba wala shemeji, na haimfungii dirisha mtu kwa sababu amevaa kandambili. Tunaokumbuka kupanga foleni tangu alfajiri na kuondoka jioni bila huduma, huku wengine wakipitia mlango wa nyuma, tunajua kwamba uamuzi wa binadamu nao una maovu yake. Nchi yenye watu wengi na watumishi wachache haiwezi kuendesha kila jambo kwa mkono.

Kwa hiyo hoja yetu si kwamba mashine ziondolewe. Tunachouliza ni nani anaisimamia mashine, na mwananchi aliyeonewa nayo aende wapi.

Fundisho kutoka Australia

Kabla ya kutazama nyumbani, tutazame wenzetu waliotutangulia, kwani mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Australia ina utaratibu wa kuwalipa posho watu wasio na kazi au wenye kipato kidogo. Posho hiyo hukadiriwa kila wiki mbili, kwa kutazama mtu alipata kiasi gani katika wiki hizo mbili. Kuanzia mwaka 2015 serikali ilianzisha mpango ambao wananchi waliuita Robodebt. Kompyuta ilichukua kipato cha mtu cha mwaka mzima kutoka idara ya kodi, ikakigawanya sawasawa kwa vipindi vyote vya wiki mbili, kisha ikalinganisha na alichokuwa ameripoti mwenyewe.

Hebu tupige hesabu pamoja. Mwaka una vipindi 26 vya wiki mbili. Tuseme mtu alifanya kazi nusu ya mwaka, vipindi 13, akilipwa dola 2,000 kila kipindi. Jumla alipata dola 26,000. Nusu ya pili hakuwa na kazi, akapokea posho kihalali. Kompyuta ikachukua 26,000 ikagawanya kwa 26, ikapata dola 1,000 kwa kila kipindi. Ikasema: "Katika miezi uliyopokea posho, ulikuwa ukipata dola 1,000 kila wiki mbili, nawe hukusema. Unadaiwa." Fedha hizo katika miezi hiyo hazikuwahi kuwapo. Zilizaliwa na hesabu ya kugawanya.

Barua za madai zikatumwa kwa mamia ya maelfu ya watu. Mtu aliyepinga aliambiwa alete hati za mshahara za miaka iliyopita, pengine kutoka kwa mwajiri aliyekwisha kufunga biashara. Hapo tunaomba mtutegee sikio. Kwa kawaida anayedai ndiye anayethibitisha deni. Mpango ule uligeuza mambo: kompyuta ikadai, na maskini akatakiwa athibitishe kwamba hadaiwi. Wengi walilipa kwa hofu deni lisilokuwapo.

Mwisho wake, mwaka 2019 serikali ilikubali mahakamani kwamba deni lililotokana na wastani huo peke yake halikuwa na msingi wa kisheria. Mwaka 2020 ilitangaza kurejesha dola za Australia milioni 721 kwa madeni takriban 470,000. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na jaji mstaafu Catherine Holmes ilitoa ripoti yake Julai 2023, ikaulaani mpango huo kuwa wa kikatili na usio wa haki wala halali. Ripoti ilionyesha pia kwamba watumishi wa umma walikuwa wameonywa mapema kuhusu uhalali wake, na bado ukaendelea.

Fundisho la Uholanzi na Uingereza

Uholanzi ilikuwa na ruzuku ya kuwasaidia wazazi kulipia malezi ya watoto wakati wao wakiwa kazini. Idara ya kodi ilitumia mfumo wa kompyuta kuchagua maombi ya kuchunguzwa kwa hofu ya udanganyifu. Miongoni mwa mambo ambayo mfumo uliyatazama ni kama mwombaji alikuwa raia wa Uholanzi au la. Kosa dogo, kama saini iliyosahaulika, liliweza kumfanya mzazi adaiwe ruzuku yote ya miaka mizima. Maelfu kwa maelfu ya familia zilitumbukia katika madeni. Wako waliopoteza nyumba, na ziko ndoa zilizovunjika. Tarehe 15 Januari 2021 serikali ya Waziri Mkuu Mark Rutte ilijiuzulu kwa sababu ya kashfa hiyo.

Huko huko Uholanzi, Februari 2020, mahakama ya The Hague ilikuwa imesimamisha mfumo mwingine ulioitwa SyRI, uliounganisha taarifa za wananchi kutoka idara mbalimbali ili kubashiri nani huenda anaidanganya serikali. Mahakama ilisema mfumo huo uliingilia faragha ya watu kupita kiasi, na haukuwa wazi vya kutosha kuweza kuhakikiwa.

Uingereza nayo ilipata somo lake mwaka huohuo wa 2020. Mitihani ya sekondari ilifutwa kwa sababu ya UVIKO-19, na algoriti ikatumika kurekebisha alama zilizopendekezwa na walimu. Moja ya vigezo vyake lilikuwa matokeo ya shule husika katika miaka iliyopita. Karibu asilimia 40 ya alama za walimu nchini England zilishushwa. Mtoto hodari katika shule ambayo haikuwa na historia ya kufaulisha aliburutwa chini na historia ya watu asiowajua. Kwetu sisi ni sawa na kumwambia mwanafunzi bora wa shule ya kata kwamba hawezi kupata daraja la kwanza kwa kuwa shule yake haijawahi kulipata. Vijana waliandamana, na tarehe 17 Agosti serikali ikaiacha algoriti ikarudi kwenye alama za walimu.

Katika visa hivi hakuna mashine iliyokuwa na nia mbaya, kwa kuwa mashine haina nia. Palikuwa na watu waliochagua kigezo, watu waliokubali makosa yake, na watu waliokataa kusikiliza. Mashine iliwapa tu mahali pa kujificha.

Nyumbani kwetu: nyavu na macho yake

Sasa turudi nyumbani. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaosimamiwa na TASAF unajulikana katika vijiji na mitaa yetu. Katika uteuzi wa kaya, hatua moja hufanywa na jamii yenyewe katika mkutano wa hadhara, ambapo wananchi hutaja kaya wanazozijua kuwa na hali ngumu. Hatua nyingine ni dodoso: watu wangapi wanaishi humo, nyumba imejengwa kwa nini, kaya ina mali gani. Majibu huingizwa kwenye hesabu ya kitakwimu inayokadiria hali ya maisha ya kaya. Kisha orodha hurudi kwa jamii ili ihakikiwe.

Kwa nini hesabu ya namna hiyo? Kwa sababu kipato cha mkulima au mvuvi hakina hati ya mshahara. Serikali haiwezi kukiona, hivyo hutazama vitu vinavyoonekana na kukisia kisichoonekana. Ni njia inayotumika katika nchi nyingi, na ina sababu zake za msingi. Lakini kukisia ni kukisia. Tuseme mama mjane anaishi katika nyumba ya bati aliyojengewa na mwanawe, na mwana huyo amefariki. Bati linabaki juu ya paa, na chungu hakina kitu. Dodoso linaona bati. Jirani ndiye anayeona chungu.

Wavuvi mliopo hapa mtalielewa jambo hili kuliko sisi. Nyavu yenye macho makubwa humwacha samaki mdogo apite. Yenye macho madogo humbeba hata asiyetakiwa. Hakuna nyavu isiyokosea upande wowote. Hesabu ya kuchagua kaya ni hivyo hivyo: ukiibana ili asiye maskini asipate, utawaacha nje maskini kadhaa, ukiilegeza ili maskini wote waingie, wataingia na wasiostahili. Kuchagua kosa lipi tulivumilie zaidi si kazi ya kompyuta. Ni uamuzi wa kimaadili, na watu wazima wanapaswa kuujadili hadharani na kuuwajibikia.

Ndiyo maana hatua ile ya orodha kurudi kwa jamii ina thamani kubwa kuliko inavyodhaniwa. Ndipo mahali ambapo jirani anaweza kusimama na kusema, "Bati lile si la kipato." Tunawasihi msiikose mikutano hiyo, wala msiigeuze kuwa ya kupiga makofi. Mkutano wa uhakiki usiohudhuriwa unaiacha hesabu iseme peke yake.

Sheria inatupa nini?

Hatujaachwa mikono mitupu. Katiba yetu, ibara ya 13, inatambua haki ya mtu kusikilizwa kwa ukamilifu na kukata rufaa pale haki zake zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine. Ibara ya 16 inalinda faragha. Na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023 na kuunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kwa sheria hiyo, mwananchi ana haki ya kujua taarifa zake zinazohifadhiwa na kutumiwa, na haki ya kutaka zilizo na makosa zisahihishwe. Yule bibi wa 1958 na 1985 alikuwa na haki hiyo siku ya kwanza aliyofika dirishani. Sheria inagusa pia maamuzi yanayofanywa na mitambo peke yake. Pale uamuzi unapomuathiri mtu kwa kiasi kikubwa, anaweza kutaka usitegemee mtambo pekee, na anaweza kuomba uamuzi uliokwisha kufanywa hivyo ufikiriwe upya. Haki hiyo ina mipaka, kwa mfano pale ambapo sheria nyingine imeruhusu uamuzi wa aina hiyo. Hata hivyo, ni mlango, na mlango usiobishwa haufunguliwi. Majirani zetu wa Kenya wana kifungu cha mwelekeo huo katika sheria yao ya mwaka 2019.

Tukumbuke pia kwamba haki hizi haziishii kwenye ofisi za umma. Kampuni inayokupa mkopo kwa simu, nayo ikakunyima kwa ujumbe wa sekunde tatu, inatumia taarifa zako vilevile.

Ufanye nini ukiambiwa "mfumo umekataa"?

Tunapendekeza hatua sita. Zisomeni, na mkifika nyumbani msomeeni asiyejua kusoma.

1. Usiondoke na jibu la mdomo. Omba jibu kwa maandishi, lenye tarehe na jina la ofisi. Ukinyimwa, andika wewe mwenyewe tarehe, saa, dirisha na maneno uliyoambiwa.

2. Uliza kama uamuzi umefanywa na mtu au na kompyuta, na ni kigezo gani kimekukwamisha. Unaweza kusema hivi: "Naomba nielezwe sababu ya kukataliwa, na taarifa zangu zilizotumika."

3. Hakiki taarifa zako. Linganisha jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho katika hati zako zote. Herufi moja ya Mohamed na Mohammed inaweza kumfanya mtu mmoja aonekane wawili. Ukikuta kosa, omba lirekebishwe kwenye chanzo, yaani katika ofisi iliyolianzisha, na utunze nakala ya maombi yako.

4. Omba uamuzi upitiwe upya na afisa mwenye mamlaka ya kuubadilisha. Kuonana na mtu atakayekusomea kioo kilekile kwa mara ya pili hakutoshi.

5. Usikubali deni usilolielewa. Mwombe anayekudai akuonyeshe hesabu yake hatua kwa hatua. Walichojifunza wananchi wa Australia kwa machozi, tusikinunue upya.

6. Usiposikilizwa, peleka lalamiko mbele. Suala la taarifa binafsi lipeleke kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ofisi ya umma ikikutendea isivyo haki, unaweza kuiendea Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Viongozi wa mtaa na wasaidizi wa kisheria wanaweza kukusaidia kuandika.

Na sisi wenye ofisi je?

Isingekuwa haki kuwaelekeza wananchi tu tukajisahau. Sisi watumishi wa umma tunazo dhima zetu, na tunazitaja mbele yenu ili mtupimie kwazo.

Kwanza, pale tunapotumia kompyuta kuamua, tuseme wazi. Uholanzi, baada ya masaibu yake, ilifungua mwaka 2022 daftari la wazi mtandaoni ambamo ofisi za umma huandikisha algoriti zinazozitumia, na raia yeyote anaweza kulisoma. Pili, kabla ya kuutumia mfumo kwa watu wote, tuujaribu kwa wachache, na tuwatazame kwanza wale ambao kosa litawaumiza zaidi: wazee, wajane, watu wenye ulemavu, wasio na simu. Tatu, mzigo wa uthibitisho ubaki kwa anayedai. Nne, na hili ndilo kubwa, karani wa dirishani apewe mamlaka ya kusimamisha kosa analoliona kwa macho yake na kulipeleka juu siku hiyohiyo. Mtumishi asiye na mamlaka hayo tumemgeuza kipaza sauti cha mashine.

Yule bibi hatimaye alipata huduma aliyoiomba, baada ya mwaka wake wa kuzaliwa kurekebishwa. Tulipompa taarifa hiyo alituuliza swali moja, nasi tunaliacha kwenu na kwetu: "Na wale waliokata tamaa safari ya kwanza, nani amewafuata?"

Hatukuwa na jibu la kumpa. Tunachoweza kufanya ni kuwaomba kwamba atakayesikia jirani yake akisema "mfumo umekataa," asimwache aishie hapo. Amsindikize arudi dirishani, na hatua hizi sita mkononi.